Niliambiwa hamwagi manyoya, leo kanyolewa kama kondoo

Dada wa ushauri, shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu, na kama tunalingana basi habari za siku. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga mjini ila nina miaka kumi na moja sasa hapa Leicester, Uingereza, nafanya kazi nyumba ya wazee kwa shifti na mume wangu anaendesha basi. Naomba unisome mpaka mwisho ndo ucheke, maana najua kwetu mtu akisikia mwenzie anaomba ushauri kwa ajili ya mbwa anasema huyu kashiba.

Mtoto wangu mdogo ana miaka minane, kalilia mbwa miaka miwili mizima. Mimi nimekulia nyumba ambayo mbwa ni wa kufukuzwa na jiwe, na mume wangu ndo kabisa, ana pumu, akienda nyumba yenye mbwa macho yanamwasha na anapiga chafya mpaka anatoka nje. Sasa kuna mama nafanya nae kazi akanambia kuna hawa mbwa wadogo wa kuchanganya, Cavalier King Charles anazalishwa na pudo mdogo (poodle, yule wa nywele za kujikunja) unapata kavapuu, hamwagi manyoya, haleti aleji, hakui mkubwa. Nikaingia mtandaoni nikakuta tangazo limeandikwa F1b, nikamuuliza muuzaji ndo nini hiyo akasema ni robo tatu pudo, kwa hiyo mwenye pumu anaweza kulala nae hata kitanda kimoja na hapati kitu. Tukatoa pauni 1,600 dada, hela ya tiketi za kwenda nyumbani hiyo. Tulikutana nae parking ya supamaketi, mbwa yuko kwenye boksi, akatukabidhi na karatasi moja ya chanjo akaondoka. Rangi yake ile ya kashata iliyoungua kidogo, basi watoto wakamwita Kashata.

Miezi ya mwanzo raha tupu, kwakweli zulia lilikuwa safi sioni hata unywele. Nikawa namuogesha kila Ijumaa kwa shampuu ya watoto, namfuta taulo, nampitishia brashi juu juu, ananukia vizuri na anaonekana kama mdoli. Alipofika kama miezi tisa nikaona masikio yamekuwa mazito hivi, nikasema ndo anakua. Wiki iliyopita nikampeleka saluni ya mbwa mara ya kwanza, nikawaonyesha picha kwenye simu, nataka awe mviringo hivi usoni kama hawa wa Instagram. Yule dada wa saluni akaingiza kitana nyuma ya sikio kikagoma, akaingiza kwapani kikagoma, akaniangalia akasema huyu ni kunyoa mpaka kwenye ngozi hakuna njia nyingine. Nikabisha sana ila nikakubali. Nimerudi kumchukua nimekuta kiumbe sikijui, kijitu chembamba miguu kama njiti kinatetemeka, na zile nywele zimetoka zima zima kama kipande cha mkeka, naweza kukikunjua mezani. Na nikaongezwa pauni 20 juu ya bei, eti kwa sababu ya mabonge! Mwanangu alilia njia nzima.

Mume nae anapiga chafya kila asubuhi na pampu yake anaitumia kuliko zamani, na Kashata analala kitandani kwetu maana tuliambiwa haina shida. Juu ya hayo yote mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi kutoka Tanga, atakaa miezi mitatu, na hajaambiwa kama kuna mbwa. Mume anasema tumtangaze mtandaoni tumuuze kabla mama hajafika. Mtoto kasikia, toka juzi hali vizuri.

Nataka kujua mambo matatu. Yule wa saluni kaniibia? Hii habari ya kutoleta aleji ni uongo? Na mama mkwe namfanyaje?

Mama Wawili, Leicester

MAJIBU

Mama Wawili, nimecheka kwenye mkeka, nisamehe. Nimecheka kwa sababu nimeishika hiyo mikeka kwa mikono yangu. Nilipokuja huku kazi yangu ya kwanza ilikuwa saluni ya mbwa, nilikaa miaka minne naosha, nakausha na kufagia, na kila Jumamosi alikuwa anaingia mtu kama wewe, ana picha kwenye simu, ana mbwa kama mdoli kwa juu na chini yake kuna zulia.

Hujaibiwa. Yule dada kafanya kazi ya saa mbili na mashine ya kunyolea kwenye ngozi laini kama ya kope, na kama angekusikiliza akachana hayo mabonge Kashata angepiga kelele mpaka mtaa wa pili na asingekubali kushikwa tena maisha yake yote. Mwenye kukuibia ni aliyekwambia hamwagi manyoya akaishia hapo.

Sikiliza hii maana ndo kiini chenyewe. Mbwa wa kawaida nywele yake inaota, inafika urefu wake, inakatika, unaikuta kwenye kochi. Pudo nywele yake inaendelea kuota kama ya kichwani kwako, na zile zinazokatika hazidondoki chini, zinanaswa kwenye vikunjo vya zile zilizobaki. Kwa hiyo zipo, ila badala ya kukaa kwenye zulia lako anazibeba yeye. Sasa ukichanganya na Cavalier, ambae nywele zake ni laini na zinakatika sana, unaweza kupata mbwa mwenye nywele za kukatika za mama na vikunjo vya kunasa vya baba, na mara nyingi hizo ndo zinafungana vibaya kuliko za pudo mwenyewe. Afu kwenye miezi sita mpaka mwaka hivi nywele za utotoni zinapisha za utu uzima, zote mbili ziko mwilini kwa pamoja. Kashata wako miezi tisa, umeona? Na wewe kila Ijumaa ulikuwa unamwagia maji juu ya mabonge unayasugua na taulo, yaani ulikuwa unakaza mwenyewe bila kujua. Maji na kusugua ndivyo watu wanavyotengeneza kofia za sufu.

Una binti? Hata kama huna, wewe umesukwa utotoni Tanga, unajua. Mtu akikuchana juu juu akaacha mizizi, akakuosha hivyo hivyo, wiki ya pili unalia. Basi ni hivyo hivyo. Brashi ya juu juu haifanyi kitu, unatakiwa kugawa kama unavyogawa mistari ya kusuka, uone ngozi, uanze nchani ushuke kwenye mzizi, uende mstari mwingine. Kwanza brashi ile ya vijino vya waya, halafu kitana cha chuma, na kitana ndo mwamuzi, kikipita toka kwenye ngozi mpaka nje bila kukwama umemaliza, kikikwama hujamaliza hata kama anaonekana mzuri. Nyuma ya masikio, makwapani, chini ya mkanda wake wa kutembelea, mapajani kwa ndani, ndevu. Huko ndo kunaanza. Dakika kumi na tano kila siku, au siku moja ndio moja hapana usizidishe, na unachana KABLA ya kuogesha sio baada. Saluni kila wiki sita mpaka nane, piga hesabu ya hiyo hela kwa mwaka sasa hivi kabla hujasema chochote kuhusu kubaki nae. Na hiyo shampuu ya watoto iache, nunua ya mbwa.

Kunyolewa kwenyewe usikulilie, kumbe ni nafasi. Mwili uko wazi, anza leo kumpitishia kitana hata kama hakuna cha kuchana, azoee mkono wako akiwa hasikii maumivu. Mvalishe kisweta akitoka nje. Ila mwangalie masikio hizi siku chache, mbwa akitolewa mabonge mazito masikioni huwa anatikisa kichwa sana, na akitikisa kupita kiasi mshipa wa ndani unaweza kupasuka sikio likavimba kama mto. Ukiona hivyo ni daktari, sio kusubiri kesho. Na ukisikia sikio linanuka pia daktari, haya masikio ya kulala yenye nywele mpaka ndani yanapenda kuoza.

Aleji sasa. Hili neno la mbwa asieleta aleji lina historia yake na inafaa uijue kwa sababu jibu lako limo humo humo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Australia kulikuwa na bwana anaitwa Wally Conron, anafanya kazi shirika la mbwa wa kuongoza vipofu, akapata ombi la mama mmoja kipofu wa Hawaii ambae mume wake ana aleji ya mbwa. Akajaribu pudo wakubwa wengi hakuna aliyefaa kazi, basi akampandisha Labrado na pudo, wakazaliwa watoto watatu. Akatuma nywele na mate ya wote watatu Hawaii mume akapimwe. Aliyempita bila kumdhuru alikuwa mmoja. Mmoja kati ya watatu, mama mmoja baba mmoja tumbo moja! Lakini jina labradudo likaenda kwa watu, kila mtu akachanganya anachotaka na pudo, na ile habari ya kwamba wawili walifeli ikabaki nyuma. Mzee mwenyewe mwaka 2019 aliongea na waandishi kwao akasema anajutia.

Na sababu ni rahisi. Kinachomtoa mumeo machozi sio nywele, ni protini iliyomo kwenye mate ya mbwa na kwenye mba wa ngozi yake, na kila mbwa ana mate na kila mbwa ana ngozi. Watafiti wa Detroit mwaka 2011 walipima vumbi la nyumba zenye hawa mbwa wanaoitwa salama na nyumba zenye mbwa wengine, hawakuona tofauti. Mwaka uliofuata Waholanzi wakapima nywele zenyewe, wakakuta za hawa salama, pudo wakiwemo, zina hiyo protini nyingi zaidi. Kwa hiyo robo tatu pudo au robo tatu mbuzi, kwa mumeo haina maana. F1b ni hesabu ya ukoo tu, kwamba kavapuu karudishwa kwa pudo, sio cheti cha hospitali.

Kwa hiyo leo usiku Kashata anatoka chumbani. Sio kitandani tu, chumbani, mlango unafungwa, mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto, na mumeo asimchane yeye, achane mwingine. Mtoto akilambwa anaosha mikono kabla hajamkumbatia baba. Mashine ya kuchuja hewa inasaidia kiasi. Na aende kwa GP wake, yaani daktari wake wa kawaida, aseme ukweli kwamba nyumbani kuna mbwa na pampu inatumika zaidi, wasije wakaishia kumuongezea dawa bila kujua chanzo. Hapa sitanii na wewe, pumu sio kitu cha kuvumilia ili mtoto asilie. Jipeni wiki chache za mlango kufungwa na daktari kuhusika, na kama bado kifua kinabana basi mbwa anahama na hakuna aliyekosea.

Ila akihama asihame kwa tangazo la mtandaoni, jamani. Ndo njia ile ile aliyokuja nayo. Hivi dada yangu parking ya supamaketi kweli? Hapa England toka Aprili 2020 kuna sheria inaitwa Lucy's Law, anaefanya biashara ya kuuza watoto wa mbwa lazima awe amewazalisha mwenyewe, na mnunuzi anawaona pale walipozaliwa wakiwa na mama yao. Huyo Lucy alikuwa Cavalier, jike lililozalishwa mfululizo mpaka likaharibika, yaani ni kama shangazi yake Kashata. Mtu anaekuletea kwenye boksi anakuficha mama. Dogs Trust na RSPCA wanapokea mbwa na kuwatafutia nyumba, anzia huko.

Na kwa vile hujui alikotoka mpeleke kwa daktari wa wanyama hata kama haumwi. Asikilize moyo, maana Cavalier wanajulikana kwa vali ya moyo kulegea, ashike magoti, maana pudo wadogo kifuniko cha goti kinateleza nje, utaona anaruka mguu mmoja hatua mbili tatu halafu anaendelea kama hakuna kitu. Watu wanasema mchanganyiko hauumwi, ila Royal Veterinary College ya London mwaka 2024 walilinganisha kokapuu (mchanganyiko wa Cocker Spaniel na pudo), kavapuu na labradudo na mbwa safi waliowazaa, kwa magonjwa mengi wakakuta hali ni ile ile. Muulize huyo daktari na ile chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi ya mbwa iko kwa jina la nani, nina wasiwasi bado ni la yule wa boksi.

Haya, mama mkwe.

Kosa kubwa litakuwa afike Heathrow amechoka, mnafungua mlango na kitu kinamrukia miguuni kinamlamba. Aambiwe kabla hajakata tiketi kama bado, na amwambie mwanae, sio wewe. Mama ni wake. Wewe ukisema itakuwa mke wa mwanangu kaleta mbwa nyumbani, akisema yeye itakuwa mwanangu na mambo yake ya Ulaya. Unalijua hilo kuliko mimi.

Mimi sio shehe na siwezi kukutolea fatwa, ila wote tumelelewa kishafii na tunajua mate ya mbwa ni kuosha mara saba na moja kwa udongo, kwa hiyo usianze kumfundisha mama mtu mzima kwamba kuna wanaosema vingine. Mpangie nyumba ili asihitaji kubishana. Chumba chake na njia ya kwenda chooni mbwa hafiki kabisa, weka geti lile la watoto kwenye ngazi, juu ni kwa mama, chini ni kwa Kashata. Msala, kanga na nguo zake za swala zikae juu. Bakuli la mbwa lioshwe nje kwa sifongo yake, lisiingie kwenye sinki hata siku moja, maana mama atakuwa anaangalia sinki kabla hajaangalia kitu kingine. Na hapa kunyolewa kunakusaidia, mwambie yule dada wa saluni aendelee kumuacha mfupi miezi yote mitatu, mbwa mfupi hakokoti tope na ndevu zake hazidondoshi maji sakafuni akitoka kunywa.

Mama yangu alikuja kwangu miezi miwili na nilikuwa na kokapuu. Watu wanapenda ile hadithi kwamba mwishoni walipatana. Hawakupatana. Hakumgusa hata siku moja, akipita anakusanya gauni, na siku ya kuondoka alituaga wote kwa majina pamoja na jirani Mzungu, mbwa akamruka. Lakini alikula vizuri, akaswali kwa raha, na amesema atarudi. Mimi hiyo naihesabu imefanikiwa.

Kitu kimoja mumwambie mama kwa msisitizo, hata kama mengine yote mtayasahau, asimtupie chakula. Kwetu masalia ya pilau ni ya mbwa na hakuna aliyewahi kuuliza. Sasa pilau lina vitunguu, lina zabibu kavu, na vyote viwili ni sumu kwa mbwa, zabibu chache tu zinaweza kuharibu figo za mbwa wa kilo sita kama Kashata. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha. Chokoleti na bazoka zisizo na sukari watoto waziweke juu kabatini. Atakwambia mbwa wa Tanga wanakula yote hayo, mwambie ndio mama, ila huyu ni wa pauni 1,600.

Na mtoto aambiwe ukweli leo leo, kwamba mbwa anatoka chumbani kwa sababu ya kifua cha baba na kwamba mnajaribu. Mpe yeye kazi ya kitana, miaka minane anaweza kabisa mkiwa wote wawili mnamshika. Usinunue cha plastiki, kinakunja meno kwenye bonge na kinakudanganya kwamba kimepita.